Sare ya Fundi

Kwa miaka thelathini na mmoja baba yangu amejibu swali moja kwa jibu moja. Mtu anapita nje ya duka lake la kushonea, hasimami hata, anachungulia tu mlangoni na kuuliza, "Fundi, sare?" Maana yake, sare ya shule ya mwanangu iko tayari? Na baba, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, anajibu, "Jumatatu."

Hapo ndipo mama alipokuwa akiingia. Alikaa nyuma ya pazia, kwenye kigoda chake, akitia vifungo na kupiga upindo, na kila baba aliposema Jumatatu yeye aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Jumatatu ipi?" Wateja walicheka, baba akaguna, kazi ikaendelea. Hawa wawili waligawana shati: baba alikata na kuunga, mama akamalizia. Shati halikuwa shati mpaka lipite pazia.

Mwenyezi Mungu alimchukua mama mwaka jana, baada ya kuugua siku tisa. Siandiki habari za siku hizo tisa. Naandika habari za baba, kwa sababu mtaani wapo wanaosema kwamba mzee alichanganyikiwa kwa msiba hadi akaanza kuchezea farasi wa mbao. Haikuwa hivyo, na mimi nilikuwepo.

Kabla hajaugua, mama alikuwa amepokea kazi ya vifuko arobaini vya kufunga kwa kamba. Vilitakiwa na chama cha sataranji cha mji wetu, kwa ajili ya kutunzia kete za mchezo huo, ambao wengine huuita chesi. Baba hakujua sataranji ni nini. Alijua vipimo tu. Wiki ya sita baada ya mazishi alivimaliza vile vifuko na kuvipeleka mwenyewe kwenye ukumbi wanaochezea, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliondoka saa nane mchana. Saa kumi na mbili hajarudi. Nikamfuata nikiwa na hofu.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi ukutani, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, anatazama. Watu kama thelathini walikuwa wameinamia meza, wawili wawili, na hakuna aliyesema neno. Kilichosikika ni vidole vikigonga saa za mezani, basi.

"Baba, twende."

"Ngoja kidogo," akaninong'oneza. "Unajua tangu nimefika hapa hakuna mtu aliyeniambia pole?"

Nilidhani analalamika. Kumbe alikuwa anashukuru. Wiki sita alikuwa amezibeba pole za watu kama magunia, na sasa alikuwa amepata chumba ambamo mtu anaruhusiwa kunyamaza.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Msusi mmoja wa kike alimfundisha namna kete zinavyokwenda. Baba alikata ubao wa kitambaa kutoka kwenye mabaki ya bitana nyeupe na nyeusi, akaushona kwa mshono wa mara mbili. Kete hakuwa nazo. Alifungua kopo la vifungo la mama, ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kuligusa, akapanga vifungo vya koti kuwa ngome, vya suruali kuwa farasi, na vile vidogo vya shati kuwa askari. Malkia kilikuwa kifungo kimoja cha rangi ya dhahabu kilichotoka kwenye gauni la mama la harusi yangu.

Sasa niseme ukweli, maana kusema uongo juu ya mzazi ni dhambi hata kama ni uongo wa kumsifu. Kazi ilikuwa imelala. Kaka yangu, ambaye ni msimamizi wa ghala na mtu wa kuhesabu kila kitu, alikuja dukani akakuta mashati kumi na moja ya shule yametundikwa, yamekamilika kila kitu isipokuwa vifungo. Vifungo vyenyewe vilikuwa mezani, vinacheza sataranji.

"Baba," kaka alisema, "wazazi wa watoto wanalalamika. Funga duka. Chumba cha nyuma kwangu nimeshakipaka rangi. Kitanda kipo, wajukuu wapo."

"Na cherehani?"

"Cherehani tutampa mtu."

Baba akasogeza kifungo kimoja mezani. Kisha akauliza, "Unaona akili yangu imekwenda?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini umepaka rangi."

Kaka akatazama chini. Baba akamweleza jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalisikia mara nyingi. Mashindano mengine ya sataranji ni ya kujifurahisha, lakini mengine yanahesabiwa. Matokeo yanapelekwa kwenye orodha, na kila mchezaji anapewa namba inayoonyesha uwezo wake. Namba hiyo wanaiita kiwango. Ili mgeni apate kiwango, lazima acheze na watu watano wenye viwango vyao, na kwao apate angalau nusu pointi. Ukishinda ni pointi moja, mkitoka sare ni nusu kila mmoja. Ukipata sifuri, ni kama hukwenda.

"Mtu aliyepotewa na akili hapewi ile namba," baba alisema. "Nipe muhula huu unaoanza, mpaka unaofuata ufunguliwe. Nikiipata, habari za chumba zife. Nisipoipata, nitakuja mwenyewe na godoro langu kichwani."

Kaka alicheka. "Baba, huu mchezo umeujua juzi tu."

"Na wewe kutembea ulijua juzi tu. Mbona umefika ghalani?"

Wakapeana mikono. Kaka aliponipita mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mwandalie shuka."

Mashindano ya kwanza yalikuja wiki ile ile shule zilipofunguliwa, wakati mbaya kuliko wote kwa fundi wa sare. Baba alishona usiku na mchana, mimi nikamtilia vifungo, vibaya, na Jumamosi asubuhi tukaenda ukumbini akiwa na futi shingoni. Mwamuzi alimuuliza, "Mzee, hiyo ni ya nini?" Baba akajishika shingo akashangaa kama mtu aliyetoka na kandambili za bafuni.

Mama mmoja tunayesali naye alikuwa ameniuliza kama sataranji si kamari. Nikamjibu kamari ina pesa, hii ina jasho tu. Lakini nilipokaa kwenye lile benchi nilishindwa kumwombea baba ushindi. Niliona aibu kumsumbua Mungu kwa habari za farasi wa mbao. Nikaomba tu asidhalilike.

Raundi ya kwanza alipigwa na yule msusi, mwalimu wake mwenyewe, ambaye alimwomba radhi. Ya pili alimwona malkia wake amekaa upande upande, mkono ukaenda wenyewe kumnyoosha kama unavyonyoosha kola ya mteja. Kumbe sheria ni kwamba ukigusa umecheza. Alilazimika kumpeleka malkia mahali, na huko hakurudi. Ya tatu alisahau kugonga saa baada ya kucheza, akafikiri kwa raha zote huku dakika zake zikimwagika.

Raundi ya nne, Jumapili mchana baada ya ibada, alikaa meza namba saba na mtu mnene mwenye miwani. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni mfamasia, na kwamba wenzake wanamwita Bwana Dozi kwa sababu ushauri wake wote huishia na "kutwa mara mbili." Mchezo huo baba alicheza vizuri. Hata mimi nisiyejua niliona, kwa sababu watu walianza kusimama nyuma yake. Kete zilipungua pande zote mbili, na sura ya yule mfamasia ikaanza kulowa. Kisha nikamwona anainama mbele na kusema neno. Baba hakuinua macho. Akajibu neno moja. Mfamasia akainua nyusi, akatazama dari, akaendelea kucheza. Nusu saa baadaye baba alikuwa ameshindwa.

Raundi ya tano alishindwa pia. Sifuri. Tuliteremka ngazi, na nje akaniambia, "Nunua shuka za kijani. Nyeupe zinachafuka."

Jumatatu asubuhi nilipita dukani kumsaidia vifungo kabla ya kwenda kazini. Mlango ukagongwa. Alikuwa yule mtu mnene mwenye miwani.

"Hodi, Fundi."

"Karibu. Kupima au kuchukua?"

"Kuchukua. Nimefuata sare yangu."

Baba akaanza kupekua rundo. "Ya shule gani?"

"Ya meza namba saba."

"Meza namba saba..." baba akarudia, bado anapekua. "Hiyo shule iko upande gani? Ya serikali?"

Mfamasia akavuta kiti akakaa. "Fundi, jana nilikuwa hoi. Nikakuuliza kwa adabu zote, 'Fundi, sare?' Wewe ukanijibu, 'Jumatatu.' Nimecheza sataranji miaka kumi na tisa, nimeshakataliwa sare kwa kila namna. Wapo waliotikisa kichwa, yupo aliyenicheka. Kupangiwa siku, sijawahi. Basi leo ni Jumatatu, nimekuja."

Baba alisimama na shati la mtoto mkononi. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye. Kisha kikatoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya zile siku tisa. Alicheka mpaka akashika cherehani. Mfamasia naye tumbo likaanza kutikisika, miwani ikamteleza. Mimi nilicheka nikilia, sijui kipi kilitangulia.

"Nilidhani wewe ni mzazi," baba alisema akijifuta macho. "Wiki ya kufungua shule! Mtu akiniambia sare nikiwa usingizini nasema Jumatatu."

"Mke wangu aliniambia hivyo hivyo. Akasema, huyo ni fundi, wote wako hivyo."

Halafu kicheko kikaisha, na nikamwona baba anahesabu. "Kwa hiyo ningesema ndiyo..."

"Ungepata nusu pointi."

"Na nusu ingetosha."

"Ingetosha kabisa," mfamasia alisema polepole, kama anayesoma majibu ya vipimo.

Baba akakaa. Alimweleza habari za kaka, chumba kilichopakwa rangi, na godoro. Hakuomba huruma, alieleza kama anavyoeleza mtu kwamba kitambaa hakitoshi. Mfamasia alisikiliza, akachukua shati moja lisilo na vifungo, akaligeuza geuza.

"Kuna mashindano mengine wiki moja kabla ya muhula ujao," akasema. "Mimi Alhamisi mchana nafunga duka la dawa. Nitakuja hapa. Dozi yako ni fumbo moja la sataranji asubuhi na moja jioni, kutwa mara mbili. Na vifungo hivi, mzee, virudi kwenye mashati. Nitakuletea kete za kweli."

"Hivi ni vya marehemu," baba alisema.

"Ndiyo maana. Yeye alivinunua kwa ajili ya mashati."

Sikujua baba atalichukuliaje neno hilo kutoka kwa mtu aliyemjua jana. Baba akavuta kopo karibu, akatoa sindano, akajaribu kutunga uzi. Miaka thelathini na mmoja hakuwa ametia kifungo hata kimoja. Uzi ulimshinda mara nne.

Basi ndivyo miezi ilivyokwenda. Alhamisi mchana Bwana Dozi alikaa upande huu wa meza na baba upande ule, kati yao kete za mbao, na baba akisubiri zamu yake alitia vifungo. Nilichogundua ni kwamba vifungo vilimfundisha sataranji kuliko yale mafumbo. Zamani alikuwa mtu wa cherehani, mguu chini, twende. Kifungo hakitaki haraka. "Usijibu swali la mezani kwa mdomo wa dukani," Bwana Dozi alimkemea kila mara. "Ukiulizwa, nyamaza kwanza. Fundi hupima mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na kukata?"

"Mara moja."

"Sasa mbona ubaoni unakata tu?"

Mashindano ya pili yalifika. Safari hii aliacha futi nyumbani. Niliona mwenyewe imetundikwa kwenye msumari. Raundi nne za kwanza zilikwenda kama nilivyozoea kuona, ingawa sasa alikuwa akichukua muda mrefu kushindwa, na aliyemshinda wa nne alimwambia, "Mzee, umenitoa jasho." Maneno mazuri, lakini jasho haliandikwi kwenye orodha. Alikuwa na sifuri, na mchezo mmoja umebaki. Kaka alikuja kwa raundi hiyo ya mwisho. Alikaa karibu nami kwenye benchi na funguo za gari mkononi. Nilijua gari lina nafasi ya godoro.

Mpinzani alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana mwenye namba kubwa na uso usiosema kitu. Mapema kabisa alimwachia baba farasi wa bure. Baba wa zamani angemla akiwa bado anakaa. Niliona mkono wake ukiinuka, ukasimama hewani, ukarudi kwenye goti. Bwana Dozi, aliyekuwa amemaliza mchezo wake na kusimama nyuma yetu, alishusha pumzi. "Ule ulikuwa mtego," akaninong'oneza. "Angemgusa tu, kwisha."

Saa mbili zikapita. Ukumbi ukawa unapungua watu. Ubaoni zilibaki kete chache: mfalme, ngome moja na askari watatu kila upande, na wote wamekabana kama milango miwili kwenye korido nyembamba. Mwalimu akatazama saa ya ukutani. Akainama mbele. Mimi kusikia sikusikia, lakini neno hilo nalijua hata kwa midomo.

"Sare?"

Bwana Dozi alinishika bega akasahau kuliachia. Kaka akauliza, "Amesema nini?"

Baba hakuinua macho. Mkono wake ulikwenda shingoni kutafuta futi, ukakuta shingo tupu. Midomo yake ikaanza kujikunja mbele, na naapa niliona herufi ya kwanza ya Jumatatu imekaa pale, tayari kuruka. Ndipo nikaomba waziwazi, sikuona aibu tena: Ee Mungu, mfunge mdomo.

Akaufunga. Akatazama ubao kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Alipima mara mbili. Dakika nne zilipita kwenye saa yake. Kisha akainua kichwa akamwangalia yule mwalimu usoni.

"Leo," akasema.

Mwalimu hakuelewa. "Leo nini, mzee?"

"Leo hii. Nakubali."

Wakapeana mikono. Bwana Dozi alitoa kicheko kimoja kikubwa mpaka mwamuzi akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Kaka bado alikuwa anauliza, "Ameshinda? Ameshindwa?" Nikamwambia, "Hakushinda wala hakushindwa. Rudi nyumbani na gari lako tupu."

Orodha ilitoka wiki iliyofuata, siku shule zilipofunguliwa. Kaka alipita dukani asubuhi na simu mkononi, akaitazama sana.

"Baba, namba yenyewe ndogo."

"Ya kwako ngapi?"

Kaka akaweka simu mfukoni. Alizunguka dukani kama anavyozunguka ghalani, akishika shati moja baada ya jingine, akivuta vifungo kuona kama vinashika. Vilishika. Vingine havikuwa kwenye mstari mmoja, mama angevikata na kuvirudia, lakini vilishika. Hakusema neno juu ya chumba. Alisema tu, "Hili la mwanangu nalichukua," akaondoka.

Nilibaki nikipiga pasi. Mwanamke mmoja akapita nje, hakusimama, akachungulia tu. "Fundi, sare?"

"Tayari. Ingia uchukue."

Yule mwanamke akarudi nyuma hatua mbili. "Tayari? Mimi nimepita kuuliza tu. Nilijua utaniambia Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu," baba alisema.

Akamkunjia sare mbili, akamfungia, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi hakukaa kwenye cherehani. Alisimama mbele ya pazia, akalisogeza kidogo, akatazama kigoda kama mtu aliyeulizwa Jumatatu ipi.

"Hii hapa," akasema.

Kisha akakaa, akavuta kopo la vifungo, na uzi ukaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.